Kimya cha Bwana wa Nyumba: Shujaa wa Mapenzi Anayetukera katika Riwaya za Siri na Mizimu

  Wapo walioniuliza mlangoni kama jambo ninalotaka kulizungumza linastahili kuchukua jioni nzima ya watu wenye shughuli zao. Naamini linastahili, na nawaomba subira mpaka nifike mwisho.

Ninayetaka kumzungumzia ni mwanamume mmoja mnayemfahamu vizuri. Anaishi ndani ya riwaya za siri na mizimu zilizowekwa zama za nyuma. Ana nyumba kubwa, na ndani ya nyumba hiyo kuna chumba kilichofungwa. Kuna jambo alilifanya zamani, hataki kulitaja. Usiku kinasikika kicheko darini. Asubuhi anamwambia binti anayempenda kwamba si kitu, alale tu. Msomaji anamwona binti wa watu akizidi kumpenda mtu yule, ukurasa baada ya ukurasa, na anatamani aingie kitabuni, amshike bwana yule mabega, amwambie: Sema!

Nimekuja na lengo moja. Nataka kueleza kero hiyo inatoka wapi, na kuonyesha kwamba kuna kero ambayo mwandishi ameitengeneza kwa makusudi na kwa ufundi, na kuna nyingine inayotokana na uvivu wake. Kuzitenganisha hizo mbili natumia swali moja tu: gharama ya kimya cha mwanamume huyu inalipwa na nani? Mifano yangu mingi ni ya Uingereza, maana huko ndiko fani hii ilikokulia. Mwishoni nitarudi kwetu.

Hoja ya kwanza: kero hii ilizaliwa pamoja na fani yenyewe

Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1764, Horace Walpole alitoa kitabu kiitwacho The Castle of Otranto. Hakuweka jina lake. Aliwaambia wasomaji kwamba ni tafsiri ya kitabu cha kale cha Kiitaliano kilichopigwa chapa Naples mwaka 1529, na tukio lenyewe akaliweka nyuma zaidi, zama za vita vya msalaba. Chapa ya pili ilipotoka mwaka 1765, alikiri kwamba ni kazi yake. Kwa hiyo riwaya ya kwanza ya namna hii ilianza kwa mwandishi kumficha msomaji jambo. Naomba mlikumbuke hilo, nitalihitaji mbele kidogo.

Kisa kinafunguliwa kwa kofia ya chuma kubwa kupita kiasi kuanguka kutoka juu na kumponda kijana siku ya harusi yake. Shujaa wa mapenzi ni Theodore, anayeonekana mkulima masikini na kumbe ndiye mrithi halali wa kasri. Ni jasiri na ni mzuri wa sura. Lakini hebu tazameni anachofanikiwa kukifanya. Mtawala Manfred, akidhani anamchoma kisu binti mwingine aliyesimama na Theodore kanisani gizani, anamchoma binti yake mwenyewe, Matilda, ambaye ndiye kipenzi cha Theodore. Matilda anafariki. Baadaye Theodore anamwoa Isabella, na sababu anayopewa na mwandishi ni kwamba kwa Isabella atapata mtu wa kuzungumza naye huzuni yake. Mabinti wawili wanampenda. Mmoja anakwenda kaburini na mwingine anaolewa ili awe mshiriki wa matanga. Yeye hakuficha lolote kwa kupenda, maana hata haki yake mwenyewe ya urithi hakuijua, na bado kwa swali langu jibu liko wazi. Waliolipa ni wanawake.

Sitakaa zaidi kwa Walpole. Tulichokihitaji kwake ni mwanzo.

Hoja ya pili: mwandishi na shujaa wanashirikiana kuficha

Mwaka 1794 Ann Radcliffe alitoa The Mysteries of Udolpho katika majuzuu manne, akalipwa pauni 500, fedha kubwa mno kwa mwandishi wa riwaya wa wakati ule. Kisa kinaanza mwaka 1584. Binti Emily St. Aubert amefiwa na wazazi, amebaki mikononi mwa shangazi, na shangazi ameolewa na Montoni, mtu katili anayewapeleka wote wawili katika kasri la Udolpho kwenye milima ya Italia. Kasrini kuna sauti zisizo na watu, na kuna pazia jeusi. Siku moja Emily analifunua pazia hilo, anatazama, anazimia.

Aliona nini? Radcliffe hasemi. Anaendelea na mambo mengine, mamia ya kurasa, na msomaji anabaki roho juu. Jibu linakuja karibu na mwisho wa kitabu: ilikuwa sanamu ya nta ya mtu aliyeoza, iliyowekwa pale zamani kama kitubio cha bwana mmoja wa nyumba ile. Ndiyo desturi ya Radcliffe. Kila mzimu wake unapata maelezo, na kila sauti inapata mwenyewe.

Na mpenzi wa Emily, Valancourt, yuko wapi wakati huo? Hayupo. Naomba tulitazame jambo hili kwa karibu, maana wasomaji wengi hulipita. Mara ya kwanza Valancourt anapokutana na Emily na baba yake milimani, baba anamdhania jambazi na kumpiga risasi ya mkono. Baadaye, alipokuwa akizungukazunguka usiku katika bustani ya Toulouse kwa kumtamani Emily, mtunza bustani anamdhania mwizi, naye anampiga risasi. Kijana wa watu kajeruhiwa mara mbili kwa mapenzi, lakini Udolpho hakanyagi. Emily anasikia muziki chini ya dirisha la kasri, moyo unamwambia ni Valancourt. Kumbe ni mfungwa mwingine, Du Pont, anayempenda kimya kimya. Anayetoroka naye kasrini ni Du Pont huyo. Valancourt muda huo yuko Paris, anacheza kamari, amefungwa kwa madeni.

Emily anapata habari hizo kutoka kwa mzee mwenye heshima, Count de Villefort, na anavunja uchumba. Habari nyingine zilikuwa za kweli, nyingine za uongo. Kumbe fedha alizobaki nazo Valancourt alizitumia kumtoa gerezani rafiki yake. Lakini anapokutana na Emily, anajilaumu na kulia bila kuuliza ameshitakiwa kwa lipi hasa. Dakika tano za mazungumzo ya wazi zingeyamaliza.

Kwa nini Radcliffe hakuwapa dakika hizo? Nadhani kwa sababu ile ile iliyomfanya asituambie kilichokuwa nyuma ya pazia. Riwaya ya siri inaishi kwa kuchelewesha jibu, na mwandishi anahitaji mtu ndani ya kisa wa kumsaidia kuchelewesha. Msaidizi aliye karibu zaidi ni mpenzi wa shujaa wa kike, kwa sababu ndiye ambaye neno lake lingetutuliza mapema. Tunapomkasirikia Valancourt, nusu ya hasira yetu inamhusu Radcliffe.

Jane Austen aliliona hili mapema. Katika Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa 1817 baada ya kifo chake, binti mmoja aliyezama katika Udolpho anaanza kudhani kila kabati lina siri ya mauaji. Austen akampa mpenzi wa namna tofauti kabisa, Henry Tilney. Baba yake Henry anapomfukuza binti yule nyumbani kwake bila maelezo, Henry hajifungii chumbani kuhuzunika. Anafunga safari, anamfuata hadi kwao, anamweleza yote yaliyotokea, anaposa. Sura chache tu, jambo limekwisha. Wanafunzi mlioko hapa, kisomeni kitabu hicho mara tu baada ya Udolpho.

Hoja ya tatu: anayesema yote isipokuwa lile moja

Sasa nafika kwa mwenye mada. Oktoba 1847 ilitoka Jane Eyre ya Charlotte Brontë, kwa jina la kubuni la Currer Bell, ikisimulia mambo ya miongo iliyotangulia. Jane ni yatima wa miaka 18, mwalimu wa nyumbani. Edward Rochester ni mwenye nyumba ya Thornfield, amempita kwa kiasi cha miaka 20.

Watu husema Rochester ni mkimya. Someni tena. Rochester ni msemaji kuliko wanaume wote wa riwaya za zama zake. Anamweleza Jane habari za Céline Varens, mchezaji wa Paris aliyekuwa hawara wake, anamweleza alivyomfumania na mwanamume mwingine. Anamwuliza Jane maoni yake, anabishana naye, anayaheshimu majibu yake. Hicho ndicho kinachomnasa Jane, na kinatunasa sisi: binti asiye na mali wala sura ya kusifiwa amepata mtu wa kuzungumza naye sawa kwa sawa. Anazungumza kila kitu isipokuwa mke wake aliyefungiwa ghorofa ya juu.

Fuateni matukio matatu. Usiku mmoja Jane anasikia kicheko nje ya mlango wake, anatoka, anakuta kitanda cha Rochester kinawaka moto. Anamwagia maji, anamwokoa. Rochester anaondoka kidogo, anarudi, anamwachia Jane aamini ni kazi ya mtumishi Grace Poole, na anamwomba asimwambie mtu. Usiku mwingine mgeni aitwaye Mason anajeruhiwa kwa kisu na meno. Rochester anamweka Jane kumfuta damu, kisha anawakataza wote wawili wasisemezane neno wakati yeye anakwenda kumtafuta daktari. Hebu fikirini hali hiyo: binti ana sifongo mkononi, damu inatiririka, nyuma ya mlango wa pili kuna kiumbe kinachonguruma, na hana ruhusa ya kuuliza. Tukio la tatu ni siku chache kabla ya ndoa, Rochester akiwa safarini. Mwanamke asiyemjua anaingia chumbani, anaivaa shela ya harusi, anaichana vipande viwili, anaikanyaga. Jane anamsimulia Rochester aliporudi. Anajibiwa kwamba ilikuwa nusu ndoto, nusu Grace Poole, na kwamba ataelezwa yote watakapokuwa wameoana mwaka mmoja na siku moja.

Mwaka mmoja na siku moja! Yaani baada ya kufunga ndoa ambayo si ndoa, wakati binti hana tena pa kurudi. Mimi kila nikifika hapo nakiweka kitabu chini. Hii si kero ya ucheleweshaji tena. Hapa mtu anapanga kumwangamiza anayempenda, na anajua.

Lakini Brontë alijua pia, na ndiyo maana kitabu hiki ni kikubwa. Harusi inavunjwa kanisani na wakili Briggs wa London pamoja na Mason yule yule, ndugu wa mke aliyefichwa. Walipataje habari kwa wakati? Jane mwenyewe ndiye chanzo. Rochester alipoanza kumfunika kwa hariri na vito, Jane aliona vibaya, akakumbuka kwamba ana baba mdogo, John Eyre, aliyeko Madeira, akamwandikia barua kumjulisha kwamba anaolewa, kwa matumaini ya kuwa na kitu chake mwenyewe. Barua ikafika wakati Mason akiwa huko Madeira na mzee huyo. Mzee ndiye aliyemhimiza Mason aende akaizuie ndoa.

Wasikilizaji wa pwani mtaielewa sehemu hii haraka kuliko wahakiki wengi wa Ulaya. Kwetu posa ikija, jamaa wanatumwa kuulizia: kijana huyu ni nani, ametoka wapi, ana mke, ana deni, anaswali, anakunywa? Count de Villefort alimfanyia Emily kazi hiyo. Jane alikuwa yatima, hakuwa na wa kumwulizia, na Rochester aliutumia upweke huo. Barua ya Madeira ni ukoo uliochelewa kufika lakini ukafika.

Sasa nauliza swali langu. Nani alilipa? Jane alilipa: aliondoka Thornfield alfajiri akiwa na shilingi 20, akasahau kifurushi chake ndani ya gari la farasi, akalala nyikani, akafikia kuomba uji baridi uliokuwa unakwenda kumwagiwa nguruwe. Rochester naye alilipa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua: nyumba iliungua, mkono ukamwondoka, macho yakazima, na aliyapata hayo akijaribu kumwokoa mke yule aliyemficha. Jane anaporudi, ana urithi wake mwenyewe wa pauni 5,000, baada ya kuugawa urithi wa pauni 20,000 na ndugu zake watatu. Anarudi kwa hiari na kwa mali yake. Mwandishi amekataa kumpa mwanamume huyu furaha kabla hajamtoza.

Hata hivyo kuna aliyelipa kupita wote, na Brontë hakumsikiliza. Ni Bertha Mason, mke kutoka Jamaica, aliyekaa miaka 10 kifungoni na kufa kwa kujirusha kutoka juu ya paa. Ndani ya Jane Eyre hana sentensi ndefu anayoisema mwenyewe. Ilibidi tungoje hadi mwaka 1966, Jean Rhys, mzaliwa wa kisiwa cha Dominica, alipoandika Wide Sargasso Sea na kumpa Bertha utoto, jina la Antoinette na sauti. Katika kitabu hicho bwana yule hatajwi kwa jina. Hatukeri tena hapo. Anatutisha.

Hoja ya nne: kumsitiri mwenzako ni jambo jingine

Msije mkadhani natetea kusema kila kitu hadharani. Mwaka 1868 Wilkie Collins alitoa The Moonstone, riwaya ya upelelezi ambamo almasi iliyoporwa katika hekalu la India inafuatwa na laana. Mambo yenyewe aliyaweka miaka 20 nyuma, usiku wa kuamkia tarehe 22 Juni 1848. Rachel Verinder amepewa almasi siku yake ya kuzaliwa, asubuhi haipo. Mpenzi wake, Franklin Blake, anaongoza msako kwa bidii. Rachel anamchukia ghafla, hataki kumwona, hataki kusema kitu.

Baada ya kurasa nyingi tunaelezwa. Rachel alimwona Franklin kwa macho yake mwenyewe akiichukua almasi ile usiku, na amenyamaza ili asimpeleke jela mtu anayempenda. Franklin hakujua: alipewa afyuni kwa siri na daktari mmoja aliyetaka kumthibitishia kitu, akatembea usingizini. Kimya cha Rachel ni cha kubeba aibu ya mwingine, na kimeuchoma moyo wake mwenyewe. Kukiweka kapu moja na kimya cha Rochester ni dhuluma. Rochester anajificha mwenyewe, kwa gharama ya mwenzake.

Kinachonikera kwa Franklin ni kitu tofauti kabisa: hatazami. Katika nyumba ya kina Rachel yumo mtumishi, Rosanna Spearman, aliyewahi kufungwa kwa wizi, mwenye bega moja lililopinda, anayempenda Franklin bila matumaini. Rosanna ndiye anayegundua kwamba kanzu ya kulalia ya Franklin ina doa la rangi mbichi ya mlango wa Rachel. Anaelewa maana yake, anashona nyingine, anaificha ile yenye doa. Anajaribu kusema na Franklin mara kadhaa. Franklin ana mambo mengine kichwani. Rosanna anajizamisha katika mchanga unaodidimia kando ya bahari.

Karibu mwaka mzima baadaye Franklin anafika ufukweni na barua ya marehemu yenye maelekezo. Anaingiza mkono kwenye mwani, anaupata mnyororo, anavuta, linatoka sanduku la bati. Ndani imo kanzu yenye doa. Anafurahi kwamba hatimaye amempata mwizi, anaigeuza atafute alama ya mwenyewe, na anasoma jina lake. Sijui tukio katika riwaya za siri za karne ile linalomhukumu shujaa wa mapenzi kwa haki zaidi ya hili. Mtu amemsaka mwizi nchi nzima, na ushahidi ulikuwa mikononi mwa msichana mtumishi ambaye hakuwahi kumpa dakika.

Hoja ya tano: wa siku hizi

Hapa nitapita haraka. Fani hii leo ina wasomaji wengi sana, na waandishi wengi wa Marekani na Uingereza wanaendelea kuweka visa vyao katika zama za Malkia Victoria. Chukueni Silent in the Grave ya Deanna Raybourn, ya mwaka 2007. Mume wa Lady Julia Grey anaanguka mbele ya wageni wake na kufa, na mpelelezi Nicholas Brisbane anaamini ameuawa. Brisbane ni mrithi halali wa Rochester: damu ya Waroma upande mmoja, maumivu makali ya kichwa, na kipaji cha kuona yasiyoonekana ambacho anakipiga vita. Anampenda Julia, anamsukuma mbali, anamkataza asimfuate kwenye hatari, vitabu vitatu vizima. Julia hamtii, anamfuata hadi kwenye nyika za Yorkshire.

Naheshimu kwamba Raybourn amempa mwanamke miguu ya kutembea. Lakini kukataza kulekule kukirudi kitabu hadi kitabu, msomaji anaona mkono wa mwandishi. Rochester alikuwa na sababu mbaya na ya kutisha ya kunyamaza. Shujaa anayenyamaza kwa kuwa tu mwendelezo bado haujakamilika hatugusi moyo. Hiyo ndiyo kero niliyoiita ya uvivu, na imejaa madukani.

Hoja ya sita: kwetu

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili nayo ilianza na mzimu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi lililoandaliwa na East African Literature Bureau, na mwaka 1960 kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa. Kama ilivyo kwa Radcliffe, watu wanaogopa mzimu, na mwishowe mwenye kuua ni binadamu. Baadaye ikaja Kisima cha Giningi na nyingine. Bwana Msa na kiko chake wanamfuata Sherlock Holmes kwa hatua nyingi, hilo limeandikwa sana.

Kinachonivutia leo ni kwamba Abdulla alimtenga mwenye jibu na mwenye mapenzi. Bwana Msa si mchumba wa mtu. Anaingia katika siri za nasaba, ndoa na urithi akiwa mtu wa nje, anauliza, anapanga, anasema mbele ya wote. Kwa hiyo wasomaji wa Kiswahili tulilelewa na shujaa ambaye raha yake ni kueleza. Ni zawadi kubwa. Lakini ilituacha na pengo: hatujaandika vya kutosha juu ya mwanamke anayempenda mwanamume ambaye ndiye mwenye siri, katika zama zetu za nyuma, ndani ya nyumba zetu.

Na nyumba hizo tunazo. Mji Mkongwe wa Zanzibar umejaa milango ya nakshi ambayo fedha zake zilitoka mahali. Pangani na Bagamoyo zina nyumba za watu waliorudi kutoka bara na mali, na habari za safari zao wakazisema nusu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Amri ya kuondoa utumwa kisheria visiwani ilikuja mwaka 1897, nayo ikawaacha masuria nje. Wao walingoja hadi mwaka 1909. Kwa miaka 12, katika nyumba zenye heshima, walikuwamo ghorofani wanawake ambao sheria ilikuwa imewaruka. Sihitaji kumwambia mwandishi kijana aliyeketi hapa kwamba kicheko kinachosikika usiku katika nyumba kama hiyo hakihitaji jini wa kukieleza.

Ombi langu basi ni kwenu mnaoandika sasa. Andikeni riwaya hiyo. Mpeni binti yenu mwanamume wa kupendeka kweli, mwenye maneno matamu na elimu, na mpeni mwanamume huyo jambo ambalo hathubutu kulisema. Mwacheni atukere. Mtakapofika mwisho, msimwoze kabla hajalipa. Na yule aliye ghorofani, msimngojee mwandishi mwingine aje kumpa sauti baada ya miaka mia moja na kitu. Mpeni jina lake, kwao kwao, na lugha yake, tangu sura ya kwanza.

 Maswali nayakaribisha, na mwenye mswada uliokwama asisite kunifuata nje.